Glasi Nne na Tandiko Moja

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni mbele ya ndugu waliokusanyika hapa Houston kuonja mvinyo mwekundu. Wengi hawakufika kwa sababu ya zamu za kazi, wakaniomba niyaweke kwa maandishi. Haya hapa yote, kama yalivyotoka.

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, hamjambo? Wa Tanga na wa Mwanza, wa Mombasa na wa Kisumu, wa Goma, wa Bukavu na wa Lubumbashi, wa Bujumbura, karibuni nyote.

Kabla sijagusa kizibo hata kimoja, nina swali. Nani humu ndani amewahi kuchunga ng'ombe? Sisemi kuwaona njiani ukiwa ndani ya basi. Nasema kuchunga: kuamka alfajiri, kufungua zizi, kushinda nao porini na njaa yako, kurudi jioni ukihesabu mmoja mmoja na moyo ukidunda kwa sababu hesabu haitimii. Nyoosheni mikono tuwaone.

Asanteni. Wazee saba, mama wawili na kijana mmoja wa Kajiado. Ikumbukeni mikono hiyo, nitairudia.

Mbele ya kila mmoja wenu kuna glasi nne. Kwa wasiokunywa kileo, iwe kwa dini, kwa afya, au kwa kuwa mmeshika funguo za gari, glasi zenu zina juisi ya zabibu nyekundu, na nawahakikishia hamtapungukiwa, maana kuonja kwingi ni kwa pua na masikio. Kwa wanaokunywa, kuna kikombe cha kutemea. Kutema si dharau kwa aliyetengeneza. Waonjaji wote wa kazi hii hutema, nami nimefanya kazi ya kuhudumu mvinyo hotelini miaka mingi, natema kila siku.

Sasa mmeniuliza tangu mlipopata mwaliko: mvinyo na rodeo, yale mashindano ya kupanda farasi na fahali na kunasa ng'ombe kwa kamba, vina undugu gani? Nitawajibu kwa jambo lililo hapa hapa mjini petu. Mnayajua maonyesho yetu ya mifugo na rodeo, yale yaliyoanza mwaka 1932, yanayoujaza mji kofia pana na viatu virefu. Ndani ya maonyesho hayo kuna mashindano ya mvinyo ya kimataifa. Chupa zinatoka nchi mbalimbali, waamuzi wanaonja, mwisho chupa moja inazishinda zote. Mnajua mshindi anapewa nini? Hapewi kikombe cha fedha. Hapewi nishani ya shingoni. Anapewa tandiko la farasi.

Tandiko! Siku ya kwanza kuliona nilisimama mbele yake kwa muda mrefu. Ngozi nene, imechongwa maua kwa mkono, inanukia kama duka la fundi viatu. Nikajiuliza, tandiko na chupa vimekutania wapi? Nikaanza kusoma. Kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyoona kwamba havikukutana juzi, na waliovikutanisha majina yao hayajaandikwa kwenye chupa yoyote. Usiku huu nataka tuonje huku tukiwatafuta watu hao. Hilo tu.

Shikeni glasi ya kwanza.

Inueni juu ya kitambaa cheupe. Rangi ni nyepesi, unaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili, kama juisi ya choya iliyotiwa maji kidogo. Zungusheni taratibu, nuseni. Kuna tunda jekundu, na kuna udongo mkavu ulioguswa na mvua ya kwanza. Onjeni kidogo, mshikilie mdomoni. Mnasikia ulimi unavyokauka na fizi zinavyobana? Mliokula mabibo mnaijua hali hiyo vizuri. Wenye maabara huiita tanini, sisi tuna neno letu tangu enzi: ukakasi. Unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na ndio uti wa mgongo wa mvinyo mwekundu.

Zabibu hii imetoka kusini mwa Chile, na huko inaitwa País. Argentina inaitwa Criolla Chica. California iliitwa Mission, yaani zabibu ya misheni. Majina mengi, nchi nyingi, na kwa karne kadhaa hakuna aliyekuwa na uhakika wa ukoo wake. Mwaka 2007 watafiti wa Madrid walipima vinasaba wakakuta ni zabibu moja, Listán Prieto, mzaliwa wa Hispania. Kwao kwa asili imetoweka karibu kabisa. Mahali pa Wahispania ilipobakia hai ni Visiwa vya Kanari.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwaka 1493, Columbus akiwa kwenye safari yake ya pili, alitia nanga visiwa hivyo hivyo vya Kanari, akapakia mifugo ya kupeleka ng'ambo. Hao ndio ng'ombe wa mwanzo wa Amerika. Kabla ya hapo bara lile lote halikuwa na ng'ombe hata mmoja, wala farasi wa kupandwa. Sisemi mche wa zabibu na ndama vilipanda meli moja siku moja. Nasema njia ilikuwa moja, na bandari ilikuwa moja. Wa pwani mnanielewa: jahazi linaloleta tende huleta na zulia.

Mwaka 1519 Hernán Cortés, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, aliteremka Mexico na farasi 16. Ng'ombe wakafuata, wakazaana kwenye nyika zisizo na ua wala mwisho, mpaka ng'ombe wa huyu hawatofautiki na wa yule. Mwaka 1529 kikaundwa pale Mexico chama cha wafugaji, wakakiita Mesta, na kila mwenye mifugo akatakiwa kuandikisha chapa yake. Lakini chapa itampataje ndama aliye porini? Ndipo wapanda farasi walipotawanyika nyikani, wakawazunguka ng'ombe kwa mbali, wakawasogeza polepole mpaka mahali pamoja, kila ndama akatambuliwa kwa mama anayemnyonya, akapigwa chapa ya mama yake. Kuzunguka kwa Kihispania ni rodear. Kazi ile ya kuzunguka ikaitwa rodeo.

Hilo ndilo neno, ndugu zangu. Halikuwa tiketi. Halikuwa uwanja wenye taa na muziki. Lilikuwa kazi.

Na kazi ya nani? Mwanzoni watawala waliwakataza wenyeji kupanda farasi, kwa hofu: mwenyeji akiwa juu ya farasi ni askari. Lakini mifugo ilikuwa mingi, jua lilikuwa kali, na wenye mali hawakuwa tayari kushinda porini. Basi wakapandishwa juu ya farasi wale wale waliokatazwa. Wakapandishwa wenyeji. Wakapandishwa Waafrika waliouzwa utumwani. Wakapandishwa machotara wa pande zote. Wakaitwa vaquero, kutokana na vaca, ng'ombe. Wao ndio waliosuka kamba ya ngozi wakaiita la reata. Wao ndio waliojifunza kuirusha mbio zikiwa zimepamba moto, na kuizungusha kwenye pembe ya tandiko ili farasi abebe mzigo wa ng'ombe anayevuta. Wamarekani waliokuja Texas baadaye wakizungumza Kiingereza walijifunza kazi hiyo kwao, wakachukua na maneno yake. Kauboi unayemwona sinemani, mzungu aliye peke yake jangwani, amevaa mavazi ya vaquero na ameshika kamba ya vaquero.

Na zabibu je? Bila divai hakuna misa. Mapadre walikokwenda walikwenda na miche. Mfalme wa Hispania alizuia upandaji mpya wa mizabibu huko makoloni mwaka 1595 ili wafanyabiashara wa kwao wasikose soko, lakini altare haisubiri meli. Mwaka 1629 mapadre walipanda mizabibu kando ya mto Rio Grande, karibu na mahali paitwapo leo Socorro, New Mexico. Kuanzia 1769 misheni zikaenea California, na kila misheni ikawa na vitu viwili: mifugo kwa maelfu na shamba la mizabibu. Nani alichunga? Wenyeji. Nani alipogoa mizabibu, akavuna, akakanyaga zabibu kwa miguu? Wenyeji hao hao, na wengi hawakuwa na ruhusa ya kuondoka. Kamba na zabibu zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Niliposoma habari hizi nilikumbuka nyumbani. Mimi ni mtoto wa Dodoma. Babu yangu alikuwa na ng'ombe, kama Mgogo yeyote mwenye kujiheshimu. Na Dodoma hiyo hiyo ndiko ilikomea mizabibu ya Tanzania, nayo ililetwa na wamisionari kwa ajili ya misa. Leo wakulima wa Makutupora, Hombolo na Bihawana wanavuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo Mfaransa akilisikia hushangaa, kwa sababu kwake mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja tu. Nchi kavu, ng'ombe, kanisa, mzabibu. Nilidhani ni habari ya kwetu peke yetu. Kumbe ni habari ya bara zima la Amerika.

Malizeni hiyo, au temeni, mnywe maji.

Glasi ya pili sitakaa nayo sana. Nayo ni ya Chile, lakini tazameni ilivyo nzito, rangi ya zambarau mbivu. Mkinusa mtakuta pilipili hoho mbichi iliyokatwa sasa hivi. Msishangae, hiyo ndiyo alama yake. Inaitwa Carmenère, zabibu ya Bordeaux, Ufaransa. Kule kwao mdudu anayekula mizizi aliangamiza mashamba katika karne ya 19, na walipopanda upya wakaiacha hii kwa kuwa inachelewa kuiva. Wakaihesabu kuwa imekwisha. Chile walikuwa wameleta miche kabla ya balaa hilo, wakaichanganya na Merlot, zabibu nyingine ya Bordeaux, wakaivuna na kuiuza kwa jina la Merlot zaidi ya miaka 100. Tarehe 24 Novemba 1994 mtaalamu wa mizabibu wa Kifaransa, Jean-Michel Boursiquot, alikuwa akitembea katika shamba moja la bonde la Maipo, akasimama, akatazama maua na majani, akasema hii si Merlot, hii ni Carmenère. Mtoto aliyezikwa kwao kumbe alikuwa akiishi ugenini kwa jina la mwingine. Je, kuna mtu humu asiyeelewa maana ya kuishi ugenini kwa jina la mwingine?

Chile nako wana rodeo yao. Karne ya 16 gavana García Hurtado de Mendoza aliamuru ng'ombe wakusanywe kila mwaka katika uwanja mkuu wa Santiago, tarehe 24 na 25 Julai, wapigwe chapa. Kutoka kwenye agizo hilo ukakua mchezo uliotangazwa mwaka 1962 kuwa mchezo wa taifa. Wapanda farasi, wao huwaita huaso, huingia wawili wawili katika uwanja wa mviringo, wakambana maksai kwenye ukuta uliotandikwa mto laini. Akibanwa nyuma, kwenye mapaja, ndipo penye alama nyingi. Akibanwa shingoni, hakuna alama. Fainali ya nchi nzima hufanyika Rancagua.

Hapa niseme jambo moja wazi. Wako watu, Chile na hapa Marekani, wanaosema rodeo ni kumtesa mnyama, na sitaki kuwapuuza. Mtu aliyekulia zizini anajua tofauti ya kumshika ndama ili umtibu na kumwangusha ili watu washangilie. Yapo ninayoyatazama uwanjani kwa furaha, farasi na mtu wakienda kama kiumbe kimoja. Na yapo yanayonifanya nigeuze uso, hasa kumnasa ndama shingoni akiwa mbio. Hayo ndiyo maoni yangu, nami nayasimamia.

Sasa, kazi iligeukaje kuwa mchezo? Kwa hapa Texas jibu ni fupi: waya. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vijana waliswaga ng'ombe kutoka Texas kwenda kaskazini hadi kwenye reli za Kansas, miezi kwa miezi. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba katika kila wachungaji wanne, mmoja alikuwa mtu mweusi. Mwaka 1874 Joseph Glidden akapata hataza ya waya wenye miiba, nyika ikakatwa vipande. Reli nazo zikasogea hadi mlangoni mwa ranchi. Katika miaka isiyozidi 20 safari zile zikaisha, na maelfu ya watu wenye ufundi wa ajabu wakabaki hawana pa kuutumia. Ukiwa na ufundi na huna kazi, unafanya nini? Unashindana. Pecos, hapa Texas, walishindana tarehe 4 Julai 1883. Prescott, Arizona, wakashindana 4 Julai 1888. Mwaka 1883 huo huo Buffalo Bill akaanza kuzungusha maonyesho yake ya kauboi mijini, watu wakalipa kuona kile ambacho jana kilikuwa mshahara duni wa mchunga ng'ombe. Kilichokuwa jasho kikawa tamasha.

Shikeni glasi ya tatu. Hii ndiyo niliyoisubiri.

Nuseni kwanza, msinywe. Nuseni tena. Mnapata nini? Nasikia mtu kule nyuma anasema mishkaki. Hujakosea, ndugu yangu. Ni moshi, ni nyama, ni pilipili manga, ni zeituni nyeusi. Hakuna nyama humo wala makaa. Ni zabibu ya Syrah iliyoota juu ya mawe. Inatoka Milton-Freewater, mashariki ya Oregon, kwenye ardhi iliyofunikwa mawe meusi ya volkano, mviringo, mengine kama ngumi, mengine kama boga. Mto uliyasukuma ukayalaza hapo. Mchana yanakunywa jua, usiku yanaurudishia mzabibu joto. Mfaransa mmoja, Christophe Baron, aliyaona mawe hayo akakumbuka mashamba ya mawe ya kwao, akapanda mizabibu mwaka 1997. Leo sehemu ya mashamba yake inalimwa kwa farasi, kwa sababu mistari imebanana kiasi kwamba trekta halipiti. Glasi mliyoshika ni ya jirani yake, lakini mawe ni yale yale. Mwaka 2015 eneo hilo lilitambuliwa rasmi kuwa na jina lake katika mvinyo.

Wilaya hiyo inaitwa Umatilla. Makao yake makuu ni Pendleton. Na Pendleton ni jina kubwa katika rodeo, kuanzia mwaka 1910 hadi leo.

Septemba 1911. Fainali ya kupanda farasi wasiofugika. Wamebaki watu watatu. Wa kwanza ni Jackson Sundown, wa Nez Perce, taifa la wenyeji wa Amerika, nywele zake ndefu amezisuka na kuzifunga chini ya kidevu. Wa pili ni John Spain, mzungu. Wa tatu ni George Fletcher, mtu mweusi wa hapo hapo Pendleton, aliyejifunza farasi miongoni mwa wenyeji wa Umatilla kwa sababu huko alipokelewa. Fikirini picha hiyo: watu watatu, mataifa matatu, uwanja mmoja, mwaka 1911. Zawadi ni nini? Ni tandiko.

Fletcher akapanda. Wanasema mwili wake ulikuwa mlegevu kama kitambaa, farasi akiruka yeye anaruka naye, uwanja mzima ukasimama. Waamuzi wakampa Spain tandiko.

Watu wakapiga kelele. Wengi wao walikuwa wazungu, nao walipiga kelele. Ndipo sherifu wa wilaya, Tillman Taylor, alipoichukua kofia ya Fletcher, akaikata vipande vidogo vidogo, akaviuza kwa watazamaji, kipande kimoja kimoja, na fedha zote akapewa Fletcher. Watu wakamwita bingwa wa watu. Jackson Sundown alirudi mwaka 1916, akiwa na miaka 53, akashinda. Miaka 53! Na mwaka 2014 mji ule ulisimamisha sanamu ya shaba ya George Fletcher katikati ya barabara zake.

Nimeisimulia habari hii mara nyingi, na kila mara kuna anayesema, ona, kulikuwa na watu wema. Kweli walikuwapo. Ningependa kumjua sherifu yule. Lakini ninyi mnasemaje, mama zangu? Kofia iliyokatwa ni haki? Mtu kashinda mbele ya macho ya watu wote, anarudi nyumbani na sarafu mfukoni na hana hata kofia. Mimi naona ule ulikuwa wema. Haki ingekuwa tandiko.

Sasa onjeni. Polepole. Mnaona unavyokaa mdomoni baada ya kumeza? Hesabuni kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Mpanda fahali hutakiwa kukaa sekunde nane. Mvinyo mzuri hukaa zaidi ya hapo.

Glasi ya nne ni ya hapa nyumbani, Texas. Zabibu inaitwa Tempranillo, Mhispania mwingine, na jina lake linatokana na neno lenye maana ya mapema, kwa kuwa huiva kabla ya wenzake. Imelimwa upande wa Lubbock, kwenye uwanda ulioinuka zaidi ya mita 900, mchana ni tanuri, usiku ni baridi. Mvua ya mawe ikipiga mwezi Mei mkulima anaweza kupoteza mwaka wake kwa dakika kumi. Harufu ni cheri kavu, tumbaku, na ile ngozi ya tandiko niliyowaambia. Ukakasi upo, lakini umelainishwa na pipa la mwaloni.

Na hapa Texas inadai haki moja ambayo haisemwi vya kutosha. Yule mdudu aliyeangamiza mizabibu ya Ufaransa alitoka Marekani, na dawa ilitoka Marekani pia. Huko Denison aliishi Thomas Volney Munson, mtu aliyezunguka Texas akikusanya mizabibu ya porini, ile ambayo mdudu huyo haiwezi. Wafaransa walipotafuta shina linalovumilia udongo wao wa chokaa, Munson aliwaonyesha mizabibu ya porini ya Texas. Wakaunganisha, yaani juu mzabibu wa Kifaransa, chini mzizi wa Marekani. Mwaka 1888 serikali ya Ufaransa ikampa nishani. Kwa hiyo bibi akinywa divai ya Bordeaux leo pale Brussels au Paris, kuna Texas chini ya ardhi.

Lakini mtu ninayemtafuta kwenye glasi hii ni mwingine. Bill Pickett. Alizaliwa hapa Texas mwaka 1870, wazazi wake walikuwa wametoka utumwani. Akiwa mtoto alimwona mbwa wa ranchi akimtuliza ng'ombe mkubwa kwa kumuuma mdomo wa juu. Mtoto anayechunga anaona yasiyoonwa na mwenye mali, si ndivyo, wazee wangu? Akajaribu kwa ndama. Alipokua akafanya hivi: anakimbiza farasi sambamba na maksai, anamrukia kutoka tandikoni, anamshika pembe, anapinda shingo, anamuuma mdomo, kisha anaachia mikono yote miwili hewani, na maksai analala chini. Leo hakuna anayeuma, lakini kumwangusha maksai kwa pembe ni sehemu ya kila rodeo kubwa, na chanzo chake ni yeye.

Alijiunga na maonyesho ya ranchi iitwayo 101, huko Oklahoma, mwaka 1905. Kuna viwanja vilivyomkataa kwa rangi yake, hata ikabidi atangazwe kuwa Mhindi Mwekundu ili aingie. Mwaka 1908, Mexico, aliingia uwanjani na fahali wa mapigano kwa sababu mabosi wake wameweka dau. Alining'inia kwenye pembe za fahali huyo zaidi ya dakika saba huku watazamaji wakimtupia chupa na mawe. Alikufa Aprili 1932 baada ya kupigwa teke la kichwa na farasi. Na mwaka 1994 posta ya Marekani ilipotaka kumheshimu kwa stempu, picha iliyochapishwa ilikuwa ya ndugu yake. Ilibidi wazirudishe, wachore upya. Zabibu iliitwa kwa jina la nyingine zaidi ya miaka 100. Mtu naye akapewa uso wa mwingine.

Mwaka 1957 wapanda farasi weusi wa hapa Texas waliunda msafara wao wa Prairie View, na tangu hapo kila mwaka wanakuja Houston kwa farasi na mikokoteni kabla ya rodeo kufunguliwa. Mnakutana nao barabarani. Mwaka ujao mkikutana nao, teremsheni kioo cha gari muwasalimu.

Geuzeni chupa ya mwisho mtazame karatasi yake. Lile jina lililoandikwa hapo kwa Kiswahili tunaliita chapa. Chuma cha moto kwenye paja la ndama nacho ni chapa. Neno moja. Kila chupa mezani ina chapa ya mwenye mali, na hakuna hata moja yenye jina la aliyevuna.

Babu yangu hakutumia chuma. Alikata sikio la kushoto mara mbili, mkato mfupi na mkato mrefu, na angeweza kumtambua ng'ombe wake mnadani katikati ya mia. Nimebakiza chupa sita. Zitafunguliwa sasa, lakini mimi nimemaliza, nakaa. Wale kumi mlionyoosha mikono mwanzoni, viti hivi vya mbele ni vyenu, na kipaza sauti ni hiki. Tuanze na mama wa pale nyuma, mwenye kitenge cha kijani. Mama, shikamoo. Ng'ombe wa kwenu mlimtambuaje?